Kitwitwi Mwenye Kijiko Chake

Jumatatu, 9 Machi

Nimemwona!

Naandika nikiwa bado nimesimama. Bibi anasema nikae nile kwanza. Bibi hajui kitu. Ni kitwitwi, na si kitwitwi hivi hivi. Ni kitwitwi mdomo-kijiko! Ndege mdogo kama shomoro, anayetembea topeni ukingoni mwa maji, na ncha ya mdomo wake imepanuka ikawa bapa kama kijiko cha chai. Waliobaki duniani kote wangeingia katika ukumbi wa shule yetu na viti vingine vikabaki vitupu. (Wangekaaje kwenye viti ni suala jingine.)

Ilivyokuwa: friji yetu imekufa, Bibi anataka maji baridi, nikatumwa kiwanda cha barafu. Nyuma ya kiwanda kuna uwanja mpana wa tope unaotokeza maji ya bahari yakipwa, na ndege huja pale kula. Nikasema nipite mara moja tu. Darubini yangu ina jicho moja zima. Jingine lina ufa, na ukilitumia kila ndege anakuwa na pacha wake. Nikafumba hilo bovu. Vitwitwi wengi wa kawaida walikuwa wanadonoa tope haraka haraka kama sindano ya cherehani. Halafu mmoja akainua kichwa.

Kijiko!

Nilikaa mpaka maji yakanifukuza. Nyumbani nikamkabidhi Bibi mfuko wake wa barafu. Akachungulia ndani. Akauliza, mume wangu, siku hizi maji nayo yanafungwa kwenye mifuko? Bibi ananiita mume wangu tangu nizaliwe, na tangu nizaliwe analalamika kwamba simtunzi.

Sasa lililo kubwa. Mwalimu wetu wa Biolojia anastaafu Ijumaa hii. Jumamosi yeye na mkewe wanahamia kwa binti yao, mbali kabisa na bahari. Ndiye mlezi wa klabu yetu ya ndege. Kila mwaka anatuonyesha picha ya kitwitwi mdomo-kijiko, na kila mwaka maneno ni yale yale: huyu amezaliwa na kijiko chake mwenyewe, sisi wengine tumezaliwa hata sahani hatuna. Anacheka peke yake. Halafu anaendelea kuitazama ile picha, hata baada ya sisi kufungua ukurasa mwingine. Amemtafuta ndege huyo ujana wake wote na uzee wake wote. Hajamwona.

Na ndege yuko nyuma ya kiwanda cha barafu!

Mtu mwingine angemwambia kesho asubuhi, yakaisha. Lakini kumwambia kunahitaji mdomo. Mimi nikisimama mbele ya Mwalimu, sauti inashuka tumboni na kukaa huko huko. Mwaka jana aliniuliza habari za nyumbani nikamjibu, "Asante, na wewe pia."

Kwa hiyo inahitajika akili. Mwalimu atamwona ndege wake kabla ya Jumamosi, na mimi sitafungua kinywa.


Jumanne, 10 Machi

Mpango wa kwanza: mchoro.

Nilifika shuleni kabla ya mfagiaji. Nikamchora ndege ubaoni, mkubwa, na kijiko chake. Nikachora tope. Nikachora bonge la barafu na mshale. Maneno sikuweka, kwa usalama. Mwalimu angeingia, angeona, angeelewa, angekwenda. Nikakaa dawati la nyuma, nikafungua kitabu, nikajitia kusoma.

Darasa zima lilidhani ni tangazo la hoteli.

Mfugaji aliuliza kama ni kuku wa kukaanga au wa kuchemsha. Huyu Mfugaji ni mwanachama wa tatu wa klabu yetu. Alijiunga akidhani ni klabu ya kufuga kuku. Alipogundua akaona aibu kutoka, na hadi leo yumo. Ana moyo mzuri kama mkate wa moto. Tatizo lake moja: hana kifua. Siri ukimpa asubuhi, mchana unaisikia dirishani.

Hilo lingevumilika. Ndipo akaingia Kiranja.

Kiranja ni kiranja wa darasa letu. Pia ni mwenyekiti wa klabu (mimi ni katibu). Pia ana darubini yenye macho mawili mazima. Ni msichana asiyemwogopa mtu. Juzi alimsahihisha Mwalimu Mkuu mbele ya shule nzima, na Mwalimu Mkuu akamshukuru! Kazi yake mojawapo ni kufuta ubao. Akachukua dasta. Akasimama. Akausogelea mchoro, akakiangalia kijiko, akaliangalia bonge la barafu, akaufuata mshale kwa kidole. Kisha akafuta. Taratibu, kuanzia mkiani.

Mwalimu akaingia, akauona ubao safi, akampongeza Kiranja, akafundisha figo.

Wakati wa mapumziko Kiranja alinijia moja kwa moja. Akauliza nilichokichora nimekiona wapi. Nikasema kile kilikuwa sungura. Akauliza, sungura mwenye kijiko? Nikasema ndiyo, wapo, na kwamba samahani naitwa.

Hakuna aliyeniita. Nilikwenda nikasimama chooni mpaka kengele.

Hali ni mbaya. Kiranja ananusa. Akimpata ndege kwanza, atamshika Mwalimu mkono na kumpeleka, na mimi katibu nitaandika kwenye kumbukumbu za klabu kwamba mwenyekiti ndiye aliyemwona. Haiwezekani. Ndege ni wangu.

Wa Mwalimu, nilitaka kusema.


Jumatano, 11 Machi

Mpango wa pili. Huu niliupanga nikipiga mswaki na nikauona hauna tundu.

Sehemu ya kwanza: kumwambia Mfugaji, kwa siri kubwa, kwamba ndege adimu yuko kwenye daraja la zamani, upande wa pili wa mji. Mfugaji hatakaa nayo. Atamwambia Kiranja. Kiranja atakwenda darajani na darubini yake ya macho mawili, akae huko jioni nzima akihesabu mawimbi.

Sehemu ya pili: mimi nitasimama barabarani mbele ya kiwanda cha barafu, njia anayopita Mwalimu akirudi nyumbani. Nitatazama upande wa tope. Nitatazama kwa nguvu, mpaka Mwalimu mwenyewe aulize natazama nini. Hapo nitanyoosha kidole. Kidole hakihitaji sauti.

Sehemu ya kwanza ilifanya kazi. Mfugaji aliapa, akala yamini, akasema siri hii atazikwa nayo. Nikamwona anaondoka mbio.

Sehemu ya pili nilitazama mpaka shingo ikakakamaa. Mwalimu hakupita. Alipita kila mtu ila Mwalimu. Mlinzi wa kiwanda akatoka na kirungu chake, akaniuliza, kijana, juzi barafu, leo macho, unahesabu malori ya nani? Nikanyoosha kidole upande wa tope. Akageuka, akatazama, akasema anaona tope. Akanishauri nikapumzike.

Nimerudi nyumbani na kupata habari kamili, kutoka chini ya draya.

Mama ni msusi, na saluni yake ndiyo chumba cha mbele cha nyumba yetu. Jioni hii nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya kiti nikiokota rola zilizomwagika, wakati mke wa Mwalimu yuko kwenye draya. Mtu akiwa ndani ya ile kofia hajisikii, kwa hiyo anapaza sauti. Akampazia Mama kwamba mumewe amepata wazimu wa kustaafu. Kuna mwanafunzi, yule anayependa kuku, amemwambia kitu. Basi mzee wa watu katoka shuleni na viatu vyake vya kazini, kwa miguu, jua la utosi, hadi daraja la zamani. Kakaa juu ya jiwe mpaka jua likashuka. Karudi anachechemea, kisigino kimechubuka, suruali haifai hata kudekia. Na hajamwona huyo ndege!

Mama akasema pole.

Mke wa Mwalimu akasema pole ya nini, alikuwa anacheka kama mtoto. Anasema kesho labda. Vitu vyote vimeshafungwa, vyombo, vitanda, kila kitu, isipokuwa ile darubini yake ya miguu mitatu. Imesimama katikati ya sebule tupu kama mgeni aliyekataa kuondoka. Anasema hawezi kuifunga kabla ya Jumamosi, huenda. "Namwambia, baba watoto, hata hao ndege wenyewe wameshastaafu!"

Mama akacheka. Mimi sikucheka. Nilikaa chini pale na rola mkononi mpaka Mama akauliza kama nimelala.


Alhamisi, 12 Machi

Mwalimu amefundisha kipindi chake cha mwisho akiwa amevaa ndara.

Kisigino kimefungwa bandeji. Alitembea kati ya madawati, tap, tap, tap, akieleza jinsi ngozi inavyojiponya, akajitumia yeye mwenyewe kama kielelezo. Watu walicheka. Kila tap nilijiinamia zaidi. Mwisho wa kipindi alisema tusome, na tutazame. Akasema kutazama ndiyo nusu ya elimu. Akakusanya chaki zake.

Kiranja aliningoja getini.

Hakunipigia kelele, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Alisema amembana Mfugaji, na Mfugaji ametema yote. Alisema Mwalimu alikaa juani juu ya jiwe kwa sababu yangu. Alisema amewahi kuona wachoyo wa chakula, wachoyo wa vitabu, hata wachoyo wa kivuli, lakini mchoyo wa ndege ndiyo kwanza anamwona.

Nikaviambia viatu vyangu kwamba ndege alikuwa wa Mwalimu.

Akauliza, sasa kwa nini usimwambie Mwalimu?

Nikaviambia viatu kwamba siwezi.

Nilitegemea kicheko. Badala yake akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia akiitumia kwa mtu, "Huwezi kabisa?" Nikatikisa kichwa. Akasema haya, basi nionyeshe kwanza, tutajua mbele ya safari.

Mlinzi alipotuona aliweka kirungu chini. Ahaa, akasema, kijana, kumbe ulikuwa unamtafutia mchumba mahali pa kukaa! Nilitaka kuingia ndani ya shati langu kama kobe. Kiranja akamwamkia shikamoo, akamwonyesha beji yake, akamwambia sisi ni klabu na hii ni kazi ya klabu. Mlinzi akaitikia marahaba na kutupisha. Angemwonyesha beji ya gereji angempisha vile vile.

Tukachuchumaa nyuma ya ukuta. Maji yalikuwa mbali. Kiranja akaweka darubini machoni, akaanza kupitisha taratibu kutoka kushoto, kama Mwalimu alivyotufundisha. Mimi na jicho langu moja nikaanzia kulia. Tukakutana katikati.

Kijiko!

Aliona! Naye aliona! Alinishika mkono wa shati, akaukunja ngumini, akasahau kuuachia. Ndege akatembea hatua chache, akainama, akainuka, na kijiko chake kikang'aa. Halafu kundi likaruka.

(Mkono wa shati una mikunjo. Mama anataka alipige pasi. Nimekataa.)

Tulirudi shuleni tukikimbia. Mwalimu alikuwa maabara, anafuta vumbi kwenye chupa za mijusi. Kiranja akasema, wewe umemwona, wewe useme, mimi nitasimama nyuma yako usije ukaanguka.

Nikasema, "Mwalimu."

Akainua macho.

Nikasema, "Barafu."

Akauliza nimeumia wapi.

Nikasema, "Ndege."

Akaweka chupa mezani.

"Kijiko," nikasema.

Mwalimu akavuta stuli, akakaa. Alitutazama, mimi, kisha Kiranja, kisha mimi tena. Akauliza kesho maji yanapwa saa ngapi. Kiranja akasema ndiyo hapo penye tatizo, yanapwa wakati ule ule wa hafla ya kumuaga. Mwalimu akafikiri. Akasema hafla yenyewe ni yake, hadhani kama watamfungia nje akichelewa kidogo.

Maneno manne! Sijawahi kuzungumza naye kwa kirefu hivyo.


Ijumaa, 13 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie ukumbini.

Mpango wa tatu ulikuwa wa Kiranja, kwa hiyo ulifanya kazi. Yeye ndiye aliyekuwa mshereheshaji. Akapangua ratiba, hotuba ya Mwalimu Mkuu akaileta mwanzo. Akamkabidhi kipaza sauti akamwambia kwa heshima zote, leo muda si tatizo. Hotuba ya Mwalimu Mkuu haijawahi kujulikana mwisho wake. Mfugaji akakaa kando ya kiti cha Mwalimu, akakitandika koti la maabara la Mwalimu, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba mwenyewe ametoka kidogo, tumbo. Hii siri aliitunza! Aliitunza kwa sababu mdomo wake ulikuwa umejaa keki.

Sisi tulitokea mlango wa maabara. Mwalimu alikuwa na suti, ndara, na darubini ya miguu mitatu begani. Alikimbia! Kisigino na yote. Mlinzi akatuona tunakuja, akafungua njia bila kuulizwa, akasema, leo umeleta na mkwe.

Tukasimamisha darubini mwisho wa ukuta. Mimi ndiye niliyempata kwanza, karibu na kopo lililozama nusu. Nikamwonyesha Mwalimu. Akainama.

Niliona mgongo wa koti lake la suti unapanda na kushuka. Aliinua mkono akaushikilia hewani, kama mtu anayemzuia mtoto asikurupuke. Mwisho akasema kwa sauti ndogo sana, kijiko.

Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile. Nilifikiri, hata nikifeli mitihani yote, hili nimeshalifanya.

Kiranja akanong'ona kwamba kuna wa pili.

Mwalimu akasogeza darubini. Kweli, wa pili. Nyuma yake wa tatu. Halafu wengine wakatua, nao wakainama, nao wakainuka. Wana vijiko! Kundi zima! Mimi nikaona huu ni muujiza. Dunia nzima inawatafuta ndege hawa, kumbe wamehamia kwetu ukoo mzima na hawakumwambia mtu! Nikanong'ona hivyo hivyo. Nilikuwa naongea!

Mwalimu akatoa jicho, akafuta kioo kwa tai yake, akarudisha jicho.

Yule wetu wa kwanza, wa karibu na kopo, akatembea hadi majini. Akachovya mdomo, akautikisa kushoto, akautikisa kulia. Kijiko kikadondoka.

Ulibaki mdomo mwembamba, mweusi, mfupi. Kitwitwi. Wa kila siku. Nyuma yake wengine walikuwa wanafuata kuja kunawa, kama wanafunzi kwenye bomba baada ya chakula.

Tope. Tope la pale ni zito kama la mfinyanzi. Linaganda kwenye ncha ya mdomo, ndege anatembea nalo, anakuja analisuuza. Basi. Niliomba ardhi inimeze, na tope lilikuwa limeshaanza, lilinifika ugoko. Kiranja alishusha darubini yake taratibu.

Mwalimu hakuniambia pole. Hakuniambia si neno. Aliniambia, bila kutoa jicho, nimweleze ndege ninayemwona, kama tulivyojifunza, kuanzia miguuni.

Nikasema miguu myeusi. Nikasema tumbo jeupe, mgongo wa kahawia wenye alama kama magamba. Akauliza, mdomo? Nikasema mdomo mwembamba, ulionyooka, Mwalimu, hauna kijiko. Na nilipofika hapo sikusimama. Sijui kilifunguka nini. Nikasema na mchoro nilichora mimi, na Mfugaji nilimtuma mimi, na daraja nililizua mimi, na kisigino chako ni mimi, na nilitaka umwone kabla hujaenda. Nikaishiwa pumzi.

Alisikiliza yote huku jicho liko kwenye darubini. Kisha akasimama wima, akajinyoosha kiuno. Akasema maisha yake yote alikuwa anajiuliza siku akimwona itakuwaje. Kama moyo utaenda mbio, kama atalia, au atahisi njaa tu kama kawaida. Akasema sasa anajua. Alikuwa amemwona kwa kitambo, mpaka alipomwona wa tatu, na kile kitambo ni chake. Akasema ni kizuri kama alivyodhani.

"Ila moyo unaenda mbio mno," akasema. "Bora nilipewa kwa majaribio."

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka ndege wote wakaruka. Kiranja akacheka. Mimi pia, nadhani, ingawa uso ulikuwa umelowa.

Tuliporudi Mwalimu Mkuu alikuwa bado anahutubia, amefika mwaka ambao shule ilipakwa rangi. Mwalimu akaketi kwenye koti lake. Zikaja zawadi. Walimu wenzake wamemnunulia seti ya vijiko, kwenye sanduku lenye kitambaa cha bluu. Mwalimu alifungua, akaangalia, akainama akitetemeka mabega. Ukumbi ukadhani analia kwa uchungu wa kutuacha, ukasimama na kupiga makofi. Mkewe hakupiga makofi. Mkewe alikuwa anaangalia magoti ya ile suti.


Jumamosi, 14 Machi

Wameondoka.

Lori lilijaa mapema. Mama alikwenda kumuaga mteja wake, Bibi alikwenda kuangalia vyombo vya watu, mimi nilikwenda kwa sababu zangu. Darubini ya miguu mitatu ilipanda mwisho, juu ya magodoro. Mwalimu alimwambia dereva aiendeshee hiyo, vingine vikivunjika havina neno. Huko anakokwenda anasikia kuna bwawa.

Alitushika mikono wote. Mfugaji alipewa kuku wawili walioshindwa kuingia kwenye lori, na akalia waziwazi. Mimi na Kiranja tuliambiwa, siku mkimwona yule wa kweli, niandikieni. Lakini msubiri kwanza anawe uso. Ndege yeyote, hata mzuri vipi, msubirini anawe.

Kisha akanivuta kando. Akasema nina macho mazuri na nina mdomo mzuri, haoni kwa nini ninaishi kwa kutumia wajumbe. Mara nyingine nikiona kitu, nimwendee mtu nimwambie. Hivyo tu. Nikaahidi. Nikasema, kwa sauti, "Safari njema, Mwalimu, na tutakukumbuka." Sentensi nzima! Kiranja aliisikia. Bibi pia, akamwuliza Mama, huyu ni nani?

Lori liliposhika barabara, Kiranja alivua darubini yake shingoni akanivisha mimi. Nikalifuata lori kwa macho yote mawili hadi kwenye kona, na nikaendelea kuitazama kona.

Kuanzia leo: hakuna mipango. Hakuna siri. Nikiona, nitasubiri anawe. Nikiwa na neno kwa mtu, nitamwendea mtu huyo na kumwambia neno hilo. Nimekuwa mtu mwingine. Ni rahisi ajabu.


Jumatano, 18 Machi

Nimemwona! Na huyu hana mfano!

Leo hatukuwa na masomo mchana. Saluni ilifurika, kuna bibi harusi na wapambe wake, wote wametaka nywele ziwe nyekundu, Mama hakukaa tangu asubuhi na ndoo za maji ya kusuuzia zilikuwa zinamwagwa mtaroni mfululizo. Nilifukuzwa ndani. Nikakaa nyuma, karibu na dimbwi la mtaro, na kitabu changu. Ghafla kitwitwi! Uani kwetu! Amekuja peke yake, akatembea ukingoni mwa dimbwi akitikisa mkia.

Ana kifua chekundu.

Si kahawia. Si hudhurungi. Chekundu! Nimepekua kitabu kizima cha maktaba, hayumo. Hayumo hata kwenye kurasa za mwisho wanakowekwa wale wenye shaka. Huenda hakuna binadamu aliyewahi kumwona kabla yangu.

Na nimejifunza! Sikukurupuka. Nilisubiri anawe. Alinawa. Aliingia dimbwini akaoga kichwa, mbawa, tumbo, akatoka, akaingia tena. Rangi haikutoka. Kinyume chake, kila akinawa anazidi kuwa mwekundu! Ni ushahidi gani mwingine unaohitajika? Barua ya Mwalimu nimeshaianza.

Ni lazima Kiranja aje kumwona kabla hajaruka. Nilivaa viatu niende kwao kumwambia. Nilifika hadi mlango wao. Nikausoma mlango, ni wa mbao, una bawaba tatu. Nikarudi.

Lakini nimepata njia. Nimemwambia Mfugaji, kwa siri kubwa, kwamba ndege yuko uani kwetu. Nimemwapisha asimwambie mtu yeyote, hasa Kiranja. Nimerudia hilo la hasa Kiranja mara kadhaa ili lisimtoke.

Bibi anaita kutoka barazani. Anasema, mume wangu, toka uje, mke mwenzangu yuko mlangoni, kaja na darubini, na anapumua kama amekimbia.

Naandika haya nikiwa chini ya kitanda.